Grafu za pola: r ikiwa hasi naiweka wapi?

Binti_Malindi

Assalamu alaykum wadau, na habari za jioni kwa wote. Niko mwaka wa kwanza chuo, nimerudi nyumbani Malindi kwa likizo fupi, na nimekuja na karatasi ya maswali inayoninyima raha. Mhadhiri alizimaliza kodineti za pola, yaani kuitaja nukta kwa umbali r na pembe θ, kwa kipindi kimoja, akasema yaliyobaki tutajisomea.

Natakiwa kuchora hizi tatu kwa mkono:

r = 2 cos 3θ
r = 3 sin 2θ
r = 1 + 2 cos θ

Ya kwanza nimeitengenezea jedwali, θ nikiipandisha kwa nyuzi 30 kila mara. Nimepata 2, 0, −2, 0, 2, 0, −2, na inaendelea vivyo hivyo. Nikaunganisha nukta, ikatoka mistari inayokutana katikati, basi. Rafiki yangu aniambia jibu ni ua la petali tatu, na ile ya pili ni ua la petali nne. Nikamuuliza, mbona 3 itoe tatu na 2 itoe nne? Akanijibu hiyo ni kanuni, kariri. Mimi sitaki kukariri kitu nisichokiona.

Na hiyo −2 naiweka wapi hasa? r si umbali kutoka katikati? Umbali wawaje hasi?

Kijana_Ngomeni

Dada, zama hizi bado mtu achora kwa rula? Fungua GeoGebra, ile programu ya kuchora grafu, kwa simu, andika mlinganyo, ua hilo limechanua. Uende ukanywe chai yako.

Binti_Malindi

Kaka, chumba cha mtihani hakiingiwi na simu. Soma swali vizuri.

Maalim_Mstaafu

Waalaykum salaam binti yangu. Nimefundisha hisabati hapa Lamu miaka mingi, na swali lako la mwisho ndilo la kuanzia. Ukilielewa hilo, yaliyobaki yote yanafunguka.

Simama kwenye kitovu. θ inakwambia ugeuze uso upande gani: nyuzi 0 ni mkono wa kulia wa karatasi, na unageuka kinyume cha mwendo wa saa. Ukishaelekea huko, r inakwambia utembee hatua ngapi. r ikiwa chanya, nenda mbele. r ikiwa hasi, uso usiugeuze, rudi kinyumenyume hatua hizo hizo. Kwa hiyo θ = 60 na r = −2 inakuangusha upande wa nyuzi 240, vipimo 2 kutoka kitovuni. r hapa si umbali mtupu, imebeba ishara. Umbali wenyewe ni thamani ya r bila ishara yake.

Sasa jedwali lako. Hesabu zako ni sawa, ila hatua ya nyuzi 30 ndiyo iliyokuponza. Angalia: 3θ inaruka nyuzi 90 kila mara, na kosini kwenye 0, 90, 180, 270 haina lingine la kukupa isipokuwa 1, 0, −1, 0. Yaani umegusa ncha za petali na kitovu peke yake, na tumbo lote la petali umeliruka. Chukua nyuzi 10 badala yake:

θ = 0, r = 2
θ = 10, r = 1.73
θ = 20, r = 1
θ = 30, r = 0

Unaona hapo? Kutoka 0 mpaka 10 r imepungua kidogo sana, halafu inaporomoka. Ndiyo maana ncha ya petali ni ya mviringo na karibu na kitovu ni nyembamba.

Lakini mimi wanafunzi wangu sikuwaanzisha na jedwali. Niliwaambia kwanza wachore r dhidi ya θ kwenye mihimili ya kawaida, θ ikilala na r ikisimama. Hapo huna pola, una wimbi la kosini unalolijua tangu sekondari. Wimbi hilo ndilo ramani yako. Likiwa juu ya mstari wa θ, unachora upande ule ule uliouelekea. Likiwa chini, unachora upande wa pili. Likigusa mstari, umerudi kitovuni. Basi ulisome wimbi kipande kwa kipande:

Kutoka 0 hadi 30, r yashuka kutoka 2 hadi 0. Hiyo ni nusu ya juu ya petali ya kulia.
Kutoka 30 hadi 90, wimbi liko chini. Macho yako yatazama juu kulia, mkono wachora chini kushoto, kati ya 210 na 270. Petali nzima, ncha yake iko 240.
Kutoka 90 hadi 150, liko juu. Petali nzima, ncha yake 120.
Kutoka 150 hadi 180, liko chini tena, na unachora kati ya 330 na 360. Hiyo ni nusu ya chini ya ile petali ya kwanza.

Petali tatu zimetimia na hata nusu duara hujaipita. Sasa nenda kafanye 3 sin 2θ mwenyewe, kisha uniambie ilijifunga wapi.

Binti_Malindi

Shikamoo maalim. Hebu niangalie kama nimefuata.

Wimbi la 3 sin 2θ lapanda 0 hadi 3 kwenye nyuzi 45, larudi 0 kwenye 90. Petali ya kwanza, juu kulia. Kutoka 90 hadi 180 liko chini, na −3 iko kwenye 135, kwa hiyo yachorwa 315, chini kulia. Kutoka 180 hadi 270 liko juu, petali ya chini kushoto. Kutoka 270 hadi 360 liko chini, yachorwa juu kushoto. Nne! Na hii haikujifunga kwenye 180, imenibidi nizunguke mpaka 360.

Maalim_Mstaafu

Marahaba. Na hapo ndipo jibu la "mbona 3 itoe tatu na 2 itoe nne". Jiulize: nikiongeza nusu duara, r yangu inakuwaje?

Kwa cos 3θ, ukiongeza nyuzi 180 kwa θ, 3θ inaongezeka nyuzi 540, na kosini inageuza ishara. Kwa hiyo umegeuka ukatazama upande wa pili, na wakati huo huo r imekuwa hasi ukarudi kinyumenyume. Mageuzi mawili yanafutana. Umetua pale pale ulipokuwa. Nusu ya pili ya mzunguko inapita juu ya wino wa nusu ya kwanza.

Kwa sin 2θ, ukiongeza 180, 2θ inaongezeka 360, na r haibadiliki. Umegeuka lakini hukurudi nyuma, kwa hiyo uko upande wa pili, mahali papya. Petali zinakuwa maradufu.

Hivyo r = a cos nθ au a sin nθ, n ikiwa witiri (haigawanyiki kwa 2) petali ni n, n ikiwa shufwa (yagawanyika kwa 2) petali ni 2n. Rafiki yako hakukosea, ila alikupa jibu bila sababu yake.

Huu ukoo wa maua aliyeupa jina ni Guido Grandi, mwanahisabati wa Kiitaliano wa karne ya 18. Nyinyi wa Malindi mumezoea Waitaliano, huyo mhesabuni pia.

Fundi_Nakshi

Nimepita tu, nimeona maua nikasimama. Mimi nachonga milango hapa Amu. Ua ninalolichora sana ni la petali sita: naweka bikari, napiga duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari natembea nayo kwenye ukingo wa lile duara. Inaingia mara sita kamili. Kila mguu unapokaa napiga tao la kupita katikati, na ua liko tayari kwa patasi. Hakuna kosini hapo.

Sasa swali langu kwa maalim. Petali sita kwa mlinganyo wako ni n ngapi? Nimejaribu kichwani, 3 inatoa tatu, 6 inatoa kumi na mbili. Sita yangu imepotelea wapi?

Kijana_Ngomeni

Fundi kamshika maalim.

Maalim_Mstaafu

Hajanishika, kanifurahisha. Fundi, sita haimo. n ikiwa namba nzima, witiri hutoa 3, 5, 7 na kuendelea, na shufwa hutoa 4, 8, 12, yaani zinazogawanyika kwa 4. Mbili, sita, kumi, kumi na nne hazitoki kamwe kwa r = a cos nθ. Wanafunzi wengi humaliza chuo bila kuliona hilo, na wewe umeliona kwa bikari.

Ila njia ipo, na inarudi kwenye lile swali la kwanza la binti. Chukua r = a cos 3θ, kisha uifute alama ya hasi kila inapotokea. Yaani r ni thamani kamili ya a cos 3θ. Sasa kwenye nyuzi 60 hurudi kinyumenyume tena, unatembea mbele, na petali inachipua hapo hapo kwenye 60. Hesabu: 0, 60, 120, 180, 240, 300. Sita. Maana yake zile sita zilikuwemo tangu mwanzo ndani ya wimbi. Ishara ya hasi ndiyo iliyozibeba tatu ikazilaza juu ya wenzake.

Jaribu vivyo hivyo kwa sin 2θ, futa hasi zote. Zitabaki nne zile zile, kwa sababu pale hasi zilibadilishana nafasi tu, hakuna iliyomlalia mwenzake.

Na ua lako la bikari na hili la kosini si pacha. Lako limeundwa kwa matao ya duara, kwa hiyo petali imechongoka ncha zote mbili, katikati na ukingoni. La kosini limechongoka kitovuni tu, ukingoni ni mviringo. Ukichonga la kosini kwenye mlango mtu wa Siyu atakuuliza umelitoa wapi.

Fundi_Nakshi

Atauliza bei kwanza.

Kapteni_Manda

Mie nataka kumwonya binti kitu kimoja, kwa sababu nimeona vijana wa chuo wakipanda chomboni na kuchanganyikiwa. Rada na dira navyo vinatumia umbali na pembe, kwa hiyo ni pola tupu. Lakini pembe ya dira huanzia kaskazini na hufuata mwendo wa saa. Pembe ya kitabu chenu huanzia kulia, ambako kwenye ramani ni mashariki, na huenda kinyume cha saa. Kuhamisha ni rahisi: toa pembe ya dira kwenye 90. Ikitoka hasi, ongeza 360.

Mfano wa kwenu huko. Kutoka Lamu mpaka Malindi, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 135, na dira yaonyesha karibu 220. Kwa kitabu: 90 toa 220 ni −130, ongeza 360, ni 230. Ukitaka x na y, 135 cos 230 ni karibu −87, na 135 sin 230 ni karibu −103. Kilomita 87 magharibi na 103 kusini. Ukitazama ramani utaona ndivyo pwani inavyokwenda, inalalia kusini magharibi.

Na kibla chetu hapa Amu kiko karibu kaskazini kabisa, kimeegemea magharibi kidogo tu, kama nyuzi mbili na nusu. Kwa kitabu hiyo ni θ ya 92 na nusu. Anayechanganya pembe hizi mbili ataswali akiielekea bahari.

Kijana_Ngomeni

Haya, mumenitoa kwenye simu kwa nguvu, lakini bado naitetea. Si ya kukupa jibu, ni ya kukuonyesha kitu kinavyobadilika. Binti, ile ya tatu, r = 1 + 2 cos θ, ukishaichora kwa mkono, iandike kwenye simu kama r = a + 2 cos θ na uweke kitelezi cha a. Kisha ukisukume taratibu kutoka 0.

a ikiwa 0 una duara la kipenyo 2 lililogusa kitovu. Ukianza kusukuma, duara linagawanyika: mstari wa nje unatanuka, na ndani kinabaki kitanzi kidogo kidogo kinachopungua. a ikifika 1 ndiyo hiyo ya kwako. Kitanzi kinazidi kunywea, na a ikifika 2 kimekwisha, kimebaki kichongo kinachogusa kitovu. Hiyo ndiyo kadioidi, ina umbo la moyo. Ukipita 2 kichongo kinalainika kuwa kibonyeo, na kuanzia 4 hata kibonyeo hakuna. Yote hiyo ni familia moja, limasoni. Kinachoamua ni a ikilinganishwa na ile 2: a ikiwa ndogo, r inafika hasi na kitanzi kinatokea. a ikiwa kubwa, r haifiki sifuri hata mara moja.

Angalizo moja: hakikisha programu iko kwenye digrii au radiani kulingana na unachoandika. Ukiweka 30 na yenyewe yadhani ni radiani, utalia.

Na msidhani sisi wa Ngomeni hatujui pola. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapa baharini kwetu. Setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za anga peke yake, na jina la Uhuru ilipewa kwa sababu ya siku hiyo. Njia ya setilaiti, kitovu ukikiweka katikati ya dunia, ni r = p / (1 + e cos θ), p ikiamua ukubwa wa njia na e umbo lake. e ikiwa 0 ni duara, chini ya 1 ni duaradufu, 1 kamili ni parabola, juu ya 1 ni haipabola na chombo hakirudi. Mlinganyo mmoja, maumbo manne. Iandike kwa x na y uone utakavyosota.

Maalim_Mstaafu

Hapo kijana umesema. Kitelezi nakikubali.

Mwalimu_Gede

Naongeza mtego mmoja wa mtihani, kwa sababu hauonekani ukitegemea aljebra peke yake. Utaambiwa: tafuta sehemu r = sin θ na r = cos θ zinapokutana. Mwanafunzi anasawazisha, sin θ = cos θ, anapata nyuzi 45 na 225. Anaandika nukta mbili. Kwanza ni moja: kwenye 225 r ni hasi, kwa hiyo unarudi pale pale pa 45. Pili, ameiacha nukta nyingine kabisa. Zote mbili zinapita kitovuni, ila sin θ inafika hapo θ ikiwa 0 na cos θ inafika θ ikiwa 90. Hazikufika kwa pembe moja, kwa hiyo mlinganyo haukuziona zikikutana. Mchoro unaziona.

Nukta moja ya pola ina majina yasiyo na mwisho. Unaweza kuongeza 360 kwa θ, au kuongeza 180 ukabadilisha ishara ya r, na bado uko pale pale. Kitovu ndicho kibaya zaidi: r ikiwa 0, θ ni yoyote unayotaka. Kwa hiyo kabla ya kusema umemaliza, chora.

Binti_Malindi

Ahsanteni sana nyote. Ile ya tatu nimeifanya kwa wimbi. 1 + 2 cos θ yaanza 3, yashuka hadi 1 kwenye 90, yagusa 0 kwenye 120, yashuka mpaka −1 kwenye 180, yarudi 0 kwenye 240. Kwa hiyo kati ya 120 na 240 naangalia kushoto lakini nachora kulia, na hicho ndicho kitanzi. Ncha yake iko x = 1, mkono wa kulia, si kushoto. Kwenye 150, r ni −0.73, yachorwa 330. Nusu ya chini ya kitanzi ndiyo inayochorwa kwanza! Nisingeona hivyo kwa jedwali.

Sasa kuna sehemu ya pili ya karatasi, eneo. Kanuni ni nusu ya integrali ya r² kwa θ. Kwa 2 cos 3θ nimeweka 0 mpaka 2π (nyuzi 360 kwa radiani) nikapata eneo la 2π. Majibu nyuma ya karatasi yasema π. Nimerudia hesabu, integrali haina kasoro.

Mwalimu_Gede

Integrali ni sahihi, mipaka ndiyo si sahihi. Maalim amekueleza: witiri unajifunga kwenye nusu duara. Ukienda mpaka 2π umezunguka mara mbili, na eneo umelihesabu mara mbili. Na r² haijali ishara, kwa hiyo haikuonyi. Weka 0 mpaka π. Kila petali itakupa π/3, tatu ni π.

Kwa 3 sin 2θ mipaka ni 0 mpaka 2π kweli, utapata 9π/2. Ukilinganisha na duara linalozunguka ua, la witiri hula robo ya duara na la shufwa nusu, n yoyote iwayo.

Binti_Malindi

Na limasoni je? 0 mpaka 2π nimepata 3π.

Mwalimu_Gede

Hiyo 3π ina kitanzi mara mbili: mara moja ndani ya eneo la nje, mara moja chenyewe. Kitanzi peke yake ni kutoka 2π/3 mpaka 4π/3, na kinatoka π − 3√3/2, kama 0.54. Ukitaka eneo lote lililo ndani ya mstari wa nje, toa kitanzi mara moja. Ukitaka sehemu iliyo kati ya mstari wa nje na kitanzi, toa mara mbili. Soma swali linataka lipi.

Binti_Malindi

Lasema "kati ya vitanzi viwili". Basi ni mara mbili: 3π toa 2π ongeza 3√3, yaani π + 3√3. Kama 8.34.

Mwalimu_Gede

Ndiyo hiyo.